UZI: Nyimbo za Kijapani kwa silabi ya mwanzo – tujenge orodha ya michezo ya karaoke

Mleta uzi
Wakuu, salamu kwenu. Huu ni uzi wa wapenzi wa nyimbo za Kijapani, mlioko Japani kikazi au kimasomo na mlioko nyumbani mnaozifuata kupitia anime. Nataka tuzikusanye nyimbo na kuzipanga kwa silabi ya kwanza ya jina la wimbo. Michezo mingi inayochezwa ndani ya vyumba vya karaoke inategemea silabi hiyo, na mgeni asiyejiandaa hubaki ameshika maiki huku wenzake wakimsubiri.

Michezo yenyewe hasa ni miwili. Wa kwanza: mnachomoa karatasi yenye silabi, tuseme "ka", na aliyechomoa lazima aimbe wimbo ambao jina lake linaanza na "ka". Akiwa anaijua Kawa no Nagare no You ni ya Misora Hibari (1989), amepona. Wa pili ni shiritori, mchezo ambao watoto wa Japani huucheza kwa maneno tangu chekechea: neno lako lianze na silabi iliyomalizia neno la mwenzako. Watu wazima wameuhamishia kwenye majina ya nyimbo. Mwenzako akiimba Hana ya Orange Range (2004), wewe unadaiwa "na", unajibu kwa Nada Sousou ya Natsukawa Rimi (2001), anayefuata anadaiwa "u", anaimba Ue o Muite Arukou ya Sakamoto Kyu (1961). Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoshika namba moja Marekani mwaka 1963 kwa jina la Sukiyaki.

Sheria kuu: jina likiishia na "n" mwimbaji ametoka, kwa sababu hakuna neno la kawaida la Kijapani linaloanza na sauti hiyo.

Majina nayaandika kwa kufuata kana, yaani zile herufi zao ambazo kila moja hubeba silabi. Ndiyo maana mtaona "Arukou" yenye u mwishoni. Hiyo u inahesabika kwenye mchezo. Majina ya wasanii nayo nayaandika kwa mpangilio wao, la ukoo kwanza.

Mdau wa Mwanza
Mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali moja: kwa nini tusiziweke tu kwenye kompyuta zikajipanga zenyewe A mpaka Z? Mimi nina orodha yangu ndefu ya nyimbo za anime na ndivyo nilivyoipanga.

Mleta uzi
Orodha ya A mpaka Z itakuangusha mezani, mkuu. Mpangilio wa Wajapani ni wa safu za silabi: a i u e o, halafu ka ki ku ke ko, sa shi su se so, ta chi tsu te to, na kuendelea hadi wa. Unafanana sana na ule wa ba be bi bo bu tuliokariri darasa la kwanza, ila irabu zao zina mfuatano wake. Sasa angalia safu ya ta. Ndani yake mna chi na tsu. Ukipanga kwa alfabeti yetu, Cherry ya Spitz (1996) inakwenda kwenye C, TSUNAMI ya Southern All Stars (2000) inakwenda kwenye T, na hutaziona pamoja kamwe. Kwao ni majirani wa safu moja. Vivyo hivyo "fu" imo kwenye safu ya ha, "shi" imo kwenye safu ya sa.

La pili ni majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kizungu. Pretender ya Official Hige Dandism (2019) hutamkwa "puritendaa", kwa hiyo iko "pu". First Love ya Utada Hikaru (1999) huanza na "fa", na kwenye orodha zao utaikuta chini ya "fu". U.S.A. ya DA PUMP (2018) hutamkwa "yuu esu ee", basi iko "yu", na ukiitafuta kwenye "u" utakesha.

La tatu, na ndilo linalowachanganya wengi, ni tarakimu. Kuna wimbo wa HY wa mwaka 2008 ulioandikwa 366 ukifuatiwa na herufi ya siku. Kuna wa Remioromen wa mwaka 2004 ulioandikwa tarehe, 3 ya mwezi wa 9 ukiusoma haraka, lakini maana yake ni tarehe 9 Machi. Kuna wa SIAM SHADE wa mwaka 1997 unaoanza na sehemu, 1/3. Yote mitatu iko chini ya silabi moja: "sa". Sanbyaku rokujuu roku nichi, sangatsu kokonoka, sanbun no ichi. Kwa macho hazina undugu wowote, kwa sikio zimeanza sawa. Panga kwa sikio.

Dada wa Mombasa
Kaka, hapo kwa tarakimu umenifungua macho. Mimi huimba hiyo ya Remioromen na nilikuwa nimeiweka mwisho wa daftari na zile zisizo na pahala. Lakini nataka kujua, haya mambo ya kupanga kwa silabi yameanza na mashine za karaoke ama ni ya zamani?

Mleta uzi
Ni ya zamani sana, dada, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Kabla ya mashine kulikuwa na karuta, yaani michezo ya kadi ya Kijapani. Mwanzoni mwa karne ya 13 mshairi Fujiwara no Teika alikusanya mashairi 100 ya washairi 100, mkusanyiko unaoitwa Hyakunin Isshu. Baadaye ukawa mchezo wa kadi: msomaji anaghani mwanzo wa shairi, wachezaji wamekaa sakafuni mbele ya kadi zenye nusu ya pili ya mashairi, na anayewahi kuigusa kadi inayolingana ndiye anayeichukua. Kwenye mashindano mchezaji hasubiri mstari uishe. Anajua ni silabi ngapi za mwanzo zinazotosha kulitofautisha shairi hilo na mengine yote. Mashairi 7 yanatambulika kwa silabi moja tu: yale yanayoanza na mu, su, me, fu, sa, ho na se. Msomaji akitoa "mu" tu, mkono umeshafika kwenye kadi. Lakini "a" ina mashairi 16, hapo lazima usubiri silabi ya pili, ya tatu, wakati mwingine zaidi.

Yaani kwa mamia ya miaka watu wale wamekuwa wakihifadhi mashairi vichwani mwao kwa mlango wa silabi ya kwanza. Karaoke ilipokuja ilikuta mlango uko wazi.

Mdau wa Osaka
Nichangie kidogo upande wa mashine. Mwanamuziki Inoue Daisuke alitengeneza yake mjini Kobe mwaka 1971 na hakuchukua hataza. Negishi Shigeichi wa Tokyo alikuwa ametangulia na ya kwake mwaka 1967. Vyumba vidogo vya kukodi, hivi tunavyovijua leo, vilianzia Okayama mwaka 1985, ndani ya kontena la mizigo lililogeuzwa. Halafu mwaka 1992 zikaja mashine zinazopokea nyimbo kwa njia ya simu.

Kabla ya rimoti zenye skrini, chumbani mlikuwa na kitabu kinene cha orodha ya nyimbo. Unafungua safu ya ka, unashuka na kidole hadi wimbo wako, unaingiza namba yake. Wazee kazini kwangu bado wanakumbuka kurasa zilizochakaa kwa kushikwa. Leo mifumo mikubwa ni miwili, DAM na JOYSOUND, na kwenye rimoti zao bado unaweza kutafuta kwa kuandika silabi za mwanzo za jina. Kile kitabu hakijafa, kimehamia kwenye kioo.

Mleta uzi
Ahsante sana mkuu wa Osaka. Sasa niingie kwenye kiini cha uzi.

Safu zote hazina utajiri sawa. Ka, sa, a na ha zimejaa. Huna haja ya kuziandaa sana, chochote unachokijua kitapatikana. Pa kuweka nguvu ni safu ya ra: ra, ri, ru, re, ro. Maneno ya asili ya Kijapani hayaanzi na r. Yanayoanza hivyo karibu yote yalikopwa, ama kutoka Kichina tangu kale, ama kutoka lugha za Ulaya. Kwa hiyo nyimbo za safu hii zina majina yenye sura ya kigeni: Lemon ya Yonezu Kenshi (2018), Robinson ya Spitz (1995), Rouge no Dengon ya Arai Yumi (1975), Ruby no Yubiwa ya Terao Akira (1981), Linda Linda ya The Blue Hearts (1987), LOVE LOVE LOVE ya Dreams Come True (1995), Rolling star ya Yui (2007).

Zisome tena taratibu. Lemon inaishia na "n". Robinson inaishia na "n". Rouge no Dengon inaishia na "n". Nyimbo tatu pendwa kabisa za safu hiyo, na kila moja ukiitumia kwenye shiritori unajitoa mwenyewe. Wanaojua wanazikwepa. Kwenye mchezo wa kuchomoa karatasi Lemon ni hazina, kwenye shiritori ni shimo. Kwa hiyo orodha yetu iwe na safu mbili za maelezo: silabi ya kuanzia na silabi ya kuishia. Orodha isiyo na silabi ya kuishia ni nusu ya kazi.

Na hapa ndipo lilipo shambulio linaloitwa kwa Kijapani "ru-zeme", yaani kumbana mwenzako kwa kumrudishia "ru" kila zamu. Silaha yake ya sasa ni Yoru ni Kakeru ya YOASOBI (2019). Kijana anaiimba, chumba kizima kinapiga makofi, anayefuata anadaiwa "ru". Wengi hapo hukwama. Anayeokoa mara nyingi ni mzee aliyekaa pembeni, kwa sababu Ruby no Yubiwa anaijua tangu ujana wake, na ikiisha anaacha "wa". Nimeliona hili nikiwa na wafanyakazi wenzangu Nagoya na ndilo linalonifanya niupende mchezo huu kuliko kuimba kwa zamu tu. Kwenye zamu za kawaida vijana huimba za vijana, wazee huimba za wazee, kila kundi linachungulia simu wakati wa wenzao. Silabi haijali umri. Wimbo wa 2019 unadai wimbo wa 1981, na yule mzee ambaye hakuwa ameombwa kitu usiku kucha sasa ndiye anayehitajika.

Mdau wa Mwanza
Mkuu, hiyo ya Yoru ni Kakeru nimeiandika pembeni. Hebu tusaidie wa anime, tuna nini?

Mleta uzi
Mna akiba nzuri. Zankoku na Tenshi no Teeze ya Takahashi Yoko (1995), wimbo wa Evangelion, iko "za" na inaishia "ze". Meza nyingi huruhusu kuondoa zile nukta mbili ndogo za kana zinazobadili sauti ya herufi, kwa hiyo ze inaweza kuwa se, ji ikawa shi, bo ikawa ho. Basi unaijibu kwa Sekai ni Hitotsu Dake no Hana ya SMAP (2003), mnaenda "na". Gurenge ya LiSA (2019) iko "gu", inaishia "ge", nayo inakubali kuhesabiwa "ke". Moonlight Densetsu ya Sailor Moon (1992) iko "mu" na inaishia "tsu", unaijibu kwa TSUNAMI, mnaenda "mi". Pegasus Fantasy (1986) ya Saint Seiya iko "pe", ihifadhi, maana pe ni adimu. Mwenzake ninayemkumbuka haraka ni Pepper Keibu ya Pink Lady (1976).

Safu nzima ya pa ina tabia ileile ya ra, majina mengi ni ya kukopa: Paprika ya Foorin (2018), Plastic Love ya Takeuchi Mariya (1984), Polyrhythm ya Perfume (2007).

Dada wa Mombasa
Sasa kaka, Mirai e ya Kiroro? Hiyo huimbwa sana na mimi naipenda. Ile "e" ya mwisho wao huandika kwa herufi ya "he". Anayenifuata anadaiwa e ama he?

Mleta uzi
Hilo huzua ubishi mezani, dada, kwa hiyo mkubaliane kabla ya wimbo wa kwanza. Wanaofuata maandishi watadai he, wanaofuata matamshi watadai e. Maoni yangu: fuateni maandishi ya kana, kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwenye skrini na hayana mjadala. Lakini jueni kwamba "he" ni nyembamba, na wimbo wa kwanza unaomjia mtu ni Heavy Rotation ya AKB48 (2010), unaoishia na "n". Ukiimba Mirai e kwa sheria hiyo umetega mtego mzuri sana.

Mengine ya kukubaliana mapema: alama ya kuvuta sauti mwishoni, kama kwenye Pretender au Rolling star. Wengine huiacha na kuchukua silabi iliyo kabla yake (da, ta), wengine huchukua irabu (a). Mimi nashauri silabi, maana ukichukua irabu majina mengi ya kuvuta yanaangukia "a" na mchezo unalegea.

Na majina yanayofanana. Kuna Sakura ya Moriyama Naotaro (2003), ya Kobukuro (2005), ya Ketsumeishi (2005 vilevile), ya Ikimonogakari (2006). Zipo nyingi kwa sababu mwaka wa shule wa Japani unaisha Machi na kuanza Aprili, miti ya sakura inapochanua ndipo watu wanapoagana. Je, jina moja likishaimbwa, mwingine aweza kuimba Sakura nyingine? Mimi nasema hapana. Sakura inaishia "ra", na mkiruhusu zote mtu mmoja atawamaliza wenzake kwa ra, ra, ra mpaka LOVE LOVE LOVE iishe.

Mdau wa Osaka
Niongezee jambo kuhusu "n". Wachezaji wa shiritori ya maneno wanaotaka kukwepa kutoka wana majina machache ya kigeni wanayoyatumia: N'Djamena, mji mkuu wa Chad, na Ngorongoro yetu. Kwa kana zote mbili zinaanza na ile herufi ya n. Mjapani wa makamo kazini kwangu, ambaye hajawahi kukanyaga Afrika, aliponiuliza natoka wapi na nikamjibu Tanzania, neno lake la kwanza lilikuwa Ngorongoro. Alilijua kwa shiritori. Nilifurahi mno.

Mdau wa Mwanza
Hii imenigusa mkuu. Yaani kreta yetu ndiyo inayowaokoa!

Mleta uzi
Kwenye maneno inaokoa, ila kwenye nyimbo unahitaji wimbo wenye jina hilo ndani ya mashine. Meza zenye huruma hutumia njia nyingine: jina likiishia na n, hesabu silabi iliyotangulia. Lemon inakuwa "mo", Robinson inakuwa "so". Kwa wageni na watoto nashauri hivyo, kwa waliozoea n iue.

Kwa anayeanza, usijaribu kujifunza nyimbo mpya kwa kila silabi. Chukua zile unazoziweza, andika silabi ya mwanzo na ya mwisho ya kila moja, kisha angalia mapengo. Jaza safu ya ra kwanza, halafu wa (Watarasebashi ya Moritaka Chisato, 1993, inafaa), halafu he na pe. Usihangaike na nu, ni chache zinazoanza nayo lakini pia ni chache zinazoishia nayo. Na jifunze walau wimbo mmoja wa shule ya zamani. Furusato (1914) kila mtu anaujua, unaanza "fu" unaishia "to", na ukiuimba wewe mgeni wataimba wote pamoja nawe.

Tujaribu hapahapa. Ruhusa ya kuondoa nukta ipo, n inaua. Naanza: Kawa no Nagare no You ni. Mnadaiwa ni.

Mdau wa Osaka
Niji, Suda Masaki, 2020. Ji au shi.

Dada wa Mombasa
Shima Uta, THE BOOM, 1992. Ta.

Mdau wa Osaka
Tashika na Koto, Oda Kazumasa, 2005. To.

Mleta uzi
Tonbo, Nagabuchi Tsuyoshi, 1988. Bo au ho.

Dada wa Mombasa
Hotaru no Hikari, ile ya mahafali yenye sauti ya Kiskoti. Ri, poleni.

Mdau wa Mwanza
Linda Linda! Nimeitoa hapohapo juu kwenye uzi. Da.

Mdau wa Osaka
Dango San Kyoudai, 1999, ya watoto. Kyoudai, kwa hiyo i.

Mdau wa Mwanza
Ihoujin, Kubota Saki, 1979.

Mleta uzi
Ihoujin inaishia na n, mkuu wa Mwanza, umetoka. Wimbo mzuri lakini. Tunaendelea watatu, dada wa Mombasa anzisha mpya kwa silabi yoyote.

Dada wa Mombasa
Yoru ni Kakeru. Haya kaka, ru.